Amplifaya ya valvu: anza na spika, valvu baadaye

Anayetafuta amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) kwa mara ya kwanza huanza na swali la aina ya valvu: EL34 au KT88? Na ile 300B inayosifiwa? Swali hilo liwe la mwisho. Valvu ikichoka huchomolewa ikawekwa nyingine ya aina yake kwa dakika moja. Spika ulizonazo, transfoma zilizofungwa kwenye chasisi na umeme unaoingia nyumbani kwako si vitu vya kubadilisha kirahisi hivyo, na hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua utasikia nini.

Geuza spika usome kibandiko, au utafute karatasi yake mtandaoni. Unataka namba ya desibeli, yaani ukubwa wa sauti ambayo spika inatoa kwa wati 1, umbali wa mita 1. Spika nyingi ndogo za siku hizi ziko kati ya 84 na 87. Spika kubwa za zamani zenye koni ya karatasi ya inchi 12 mara nyingi hupita 92. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili. Kwa hiyo wati 8 kwenye spika ya 92 zinatoa sauti ambayo spika ya 86 itahitaji wati 32 kuifikia. Soma kwa makini: karatasi ikisema volti 2.83 badala ya wati 1, na spika ikiwa ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), punguza desibeli 3, kwa sababu volti hizo kwenye omu 4 ni wati 2.

Sasa nguvu. 300B moja kila upande inatoa kama wati 8. EL84 mbili kila upande, zinazofanya kazi kwa kupokezana, hutoa 12 hadi 15. EL34 mbili, 35 hivi. KT88 mbili, 50 hadi 75. Kwa sebule ya mita 4 kwa 5 na spika za desibeli 89 au 90, ningechukua EL84 mbili kila upande bila kusita. Valvu zake ni za bei nafuu, joto lake linavumilika, na sauti ya mwimbaji inakaa mbele vizuri. 300B kwenye spika ya desibeli 85 ni pesa iliyopotea: ukipandisha sauti kidogo tu, ngoma zinapondeka.

Angalia pia omu. Spika iliyoandikwa 8 inaweza kushuka hadi 3 kwenye baadhi ya masafa ya sauti. Amplifaya ya valvu haiishiki spika kwa nguvu kama ya transista, hivyo spika ya namna hiyo hulegea besi na kubadilika rangi ya sauti. Tafuta ambayo haishuki chini ya 5 au 6. Nyuma ya amplifaya kwa kawaida kuna sehemu za omu 4 na 8, pengine na 16. Spika ya omu 6 ijaribu kwanza kwenye 4, kisha kwenye 8, ubaki na pale besi inapokaza.

Transfoma za kutokea, zile zinazopeleka muziki kutoka valvu hadi spika, ndizo roho ya kifaa. Muziki wote unapita humo, na besi inahitaji chuma kingi. Chuma kikiwa kidogo kinajaa sumaku, sauti nzito zinakatika. Ndiyo maana uzito unasema kweli kuliko tangazo. Dynaco ST-70 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1959 ikiwa na EL34 nne na wati 35 kila upande, ina uzito wa kilo 14 hivi. Ukiona amplifaya ya EL34 nne inayodai wati 40 kila upande na ina kilo 7, transfoma hazipo za kutosha. Muulize muuzaji: ni wati ngapi kwenye hezi 30 (mitetemo 30 kwa sekunde, yaani besi nzito)? Namba ya hezi 1,000 peke yake haikusaidii. Jihadhari pia na vile vidogo vyenye valvu mbili juu na mwanga wa LED chini yake. Vingi vinatoa nguvu yake yote kwenye chipu, valvu zinapamba tu.

Kuhusu umeme, usipuuze hata kidogo. Tanzania ni volti 230, Kenya 240, na amplifaya nyingi zinazoagizwa kutoka China zimefungwa kwa 220. Kwenye 240, filamenti (waya unaoipasha valvu joto) inayotakiwa kupata volti 6.3 inapata karibu 6.9, na hapo bado inavumilia. Usiku wa manane umeme ukipanda hadi 255, inapata 7.3, na volti 430 za anodi (bamba la ndani ya valvu) zinakuwa karibu 500. Kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) iliyoandikwa volti 450 haitadumu. Kabla ya kulipia, uliza kama transfoma ya umeme ina waya wa 230 au 240. Kama haina, nunua stabilaiza inayorekebisha volti, yenye uwezo mara mbili au tatu ya matumizi ya amplifaya. Kile kifaa cha kulinda friji hukata umeme tu, hakirekebishi.

Mitumba ya Japani ni ya volti 100. Itumie na transfoma ya kushusha. Yenye uwezo wa VA (volti-ampea) 500 inatosha amplifaya inayokula wati 200. Ya Marekani iliyoandikwa hezi 60 peke yake iache: kwenye hezi 50 zetu transfoma yake inachemka. Na umeme ukikatika, zima swichi palepale, usisubiri urudi kwa kishindo.

Kuna amplifaya zinazojirekebisha bayasi zenyewe, na kuna zile unazopima kwa multimita. Bayasi ni mkondo unaopita kwenye valvu muziki ukiwa kimya. Kama hutaki kushika multimita, nunua inayojirekebisha. Ya kupima ikiwa na EL34 na volti 430 kwenye anodi, lenga miliampea 40: ni wati 17 hivi, kama asilimia 70 ya 25 ambazo EL34 inaruhusiwa. Kwenye rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 10 iliyo kwenye kathodi, mguu wa valvu ambao mkondo huo unapitia, utasoma volti 0.40. Acha ipate moto dakika 20, pima, rekebisha, kisha pima tena.

Ukienda kukagua iliyotumika, nenda na spika. Amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika: nguvu ikikosa pa kwenda, volti hupanda ndani ya transfoma na kutoboa insulesheni. Kabla ya kuwasha, chungulia kioo cha kila valvu. Juu au pembeni kuna doa linalong'aa kama fedha; likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa. Washa sauti ikiwa sifuri, zima taa za chumba, utazame dakika tano. Mwanga wa bluu kwenye kioo ni wa kawaida. Bamba la ndani likianza kuwa jekundu kama kaa la moto, zima mara moja. Mara nyingi chanzo ni kapasita inayopitisha muziki kutoka valvu ndogo kwenda kubwa: imevuja, nayo inapandisha volti ya gridi, sehemu ya valvu kubwa inayodhibiti mkondo. Kuhakikisha, fundi huchomoa EL34 zote na kupima pini ya 5 ya kila soketi. Zote zinapaswa kuwa hasi na kukaribiana, tuseme -35. Inayosoma -20 ndiyo yenye kapasita mbovu.

Sikiliza na mvumo. Mvumo wa hezi 100 usiobadilika ukigeuza kitufe cha sauti mara nyingi ni kapasita kubwa za umeme zilizokauka, na umri wa miaka 30 unatosha kuzikausha. Mkwaruzo ukiwa upande mmoja, zima, ngoja zipoe, hamisha valvu za kushoto ziende kulia. Mkwaruzo ukihama nazo, tatizo ni valvu. Ukibaki palepale, ni soketi au rezista. Mikoa ya pwani, chumvi hula pini za valvu, kwa hiyo zisafishe kwa dawa ya kusafishia viunganishi kabla ya kulaumu kitu kingine.

Usifungue chasisi eti kwa sababu umechomoa plagi. Zaidi ya volti 400 zinaweza kubaki ndani ya kapasita kwa muda mrefu. Fundi huziondoa kwa rezista ya omu 10,000 ya wati 10, akigusisha upande wake mmoja kwenye chasisi na mwingine kwenye kapasita kwa nusu dakika au zaidi, mkono mmoja ukiwa mfukoni, kisha anapima kuhakikisha zimeshuka chini ya volti 10.

Amplifaya ya EL34 nne hula wati 150 au zaidi hata ikiwa kimya, karibu zote zikigeuka joto. Iache sentimeta 15 pembeni na 30 juu, usiiweke kabatini wala usiifunike kitambaa, na kama kuna mtoto anayetambaa, nunua kizimba cha chuma cha kufunika valvu pamoja nayo.