Jibu: Siku moja ya historia Mombasa, uanzie wapi?

Salaam, ndugu. Umeuliza uanzie wapi ili uielewe historia ya Mombasa kwa siku moja, ilhali familia inataka ufukwe. Kwanza angalia hoteli yenu iko upande gani, kwa kuwa mji wenyewe ni kisiwa: kutoka Nyali au Bamburi mtavuka daraja, lakini kutoka Diani njia ya kawaida ni kivuko cha Likoni, na foleni yake ya asubuhi huweza kuwamalizia muda.

Mimi wageni wangu huwaanzisha Fort Jesus mapema, kabla jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Msipite mbio kwenye makumbusho ya ndani, kwani mna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697.

Hata hivyo, usikubali kuambiwa kwamba Mombasa ilianza na Wareno. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika mwaka 1331 akakuta mji wa Waislamu. Kwa hiyo tokeni kwa miguu hadi Mji wa Kale, mfuate barabara ya Ndia Kuu, mtazame milango ya nakshi na Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mnene unaochongoka kuelekea juu.

Alasiri mtawahi ufukweni, ila ulizeni maji yanakupwa saa ngapi, maana wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari hurudi mbali sana.