Majani ya dawa: ethanoli kali na moto mwingi havitakupa antioksidanti zaidi

Mkuu, umesema umechemsha unga wa majani kwenye ethanoli ya 96% kwa nyuzi 80, saa sita, ukapata dondoo zito la kijani kibichi, lakini DPPH (kemikali ya zambarau ambayo antioksidanti huififisha) ikabaki zambarau vilevile. Majani yako huenda hayana shida. Mimi ningeanza na kiyeyushi, yaani kile kimiminika cha kutolea dawa kwenye majani.

Ethanoli kali hupenda klorofili na nta, na kijani hicho ndicho hicho. Polifenoli nyingi (ndizo antioksidanti unazozitafuta), hasa kundi la flavonoidi zilizoshikana na sukari, zinahitaji maji pia, nayo maji huvimbisha kuta za seli ili kiyeyushi kipenye. Maji matupu nayo yana karaha yake: yanakokota sukari na protini, na dondoo huchacha upesi. Mimi huanzia ethanoli ya 60 au 70%. Kupata 70%, mimina mililita 100 za ile ya 96% kwenye silinda ya vipimo, kisha ongeza maji hadi mstari wa 137. Usipime maji 37 pembeni ukamwaga, maana vikichanganyika ujazo hupungua kidogo. Methanoli iache kama dondoo litaliwa.

Halafu hizo nyuzi 80: ethanoli huchemka kwenye 78, kwa hiyo bila kondensa (kifaa cha kupoza mvuke urudi chomboni) kiyeyushi chako kilikuwa kinapaa huku polifenoli zikiharibiwa na oksijeni. Nyuzi 50 hadi 60, chombo kimefunikwa, nusu saa mpaka saa moja, inatosha kwa majani mengi. Na tafadhali, usitumie moto wa wazi.

Hatua ya kukausha majani, watu huipuuza. Jani likipondeka bichi, vimeng'enya vyake huanza kula polifenoli papo hapo, unaliona likigeuka kahawia. Kausha kivulini au kwenye oveni ya nyuzi 40 mpaka livunjike kwa mlio, ndipo usage. Unga laini kama poda utakuzibia karatasi ya kuchujia tu.

Kwenye kipimo cha DPPH, tengeneza pia kontroli (sampuli ya kulinganishia) ya dondoo lako bila DPPH. Rangi ya dondoo lenyewe hufyonza mwanga pale 517 nm, na usipoitoa utajiona dhaifu kuliko ulivyo. Folin-Ciocalteu, kipimo cha jumla ya fenoli, nayo isikudanganye: vitamini C na sukari punguzi (kama glukosi) huiitikia pia. Na uamue mapema unahesabu kwa gramu ya jani kavu au kwa gramu ya dondoo. Dondoo kidogo lenye nguvu na dondoo jingi lililo dhaifu hubadilishana ushindi hapo, na watu hubishana bure.

Ukitaka kuboresha kweli, usibadilishe kitu kimoja kimoja. Asilimia ya ethanoli, joto na muda huathiriana: muda unaofaa kwenye 50% si lazima ufae kwenye 80%. Box-Behnken (mpango wa majaribio unaobadilisha vigezo kwa pamoja) ya vigezo vitatu, ukirudia kitovu, yaani jaribio la thamani za katikati, mara tatu, ni majaribio 15. Weka ethanoli 40, 60 na 80%, kisha utuonyeshe jedwali.