Talaka ya BAKWATA na rekodi zako za ndoa

Je, ukipata talaka BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), rekodi zako za ndoa serikalini hubadilika zenyewe? Hapana, hazibadiliki zenyewe. Karatasi ya talaka kutoka BAKWATA peke yake haitoshi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ivunjwe kwa amri ya mahakama, hata kama talaka ya kidini imeshatolewa. Hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa, inayoonyesha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ndiyo unayoipeleka mahakamani kufungua shauri. Ukishapata amri, omba nakala iliyothibitishwa, kisha fuatilia RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) uhakikishe talaka imesajiliwa. Usiishie kuambiwa tu kwamba mahakama itaipeleka.

NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, ni habari nyingine kabisa. Huko hali yako ya ndoa ni ile uliyoijaza wakati wa kujiandikisha, kwa hiyo unaomba marekebisho ya taarifa kwenye ofisi yao ya wilaya ukiwa na ile amri.

Dada, kwako hili ni zito zaidi. Mwanamke ambaye ndoa yake haijavunjwa kisheria hawezi kufunga nyingine, na akiifunga, hiyo ya pili ni batili. Tafadhali maliza mahakamani kwanza, kabla hata ya kupokea posa.