Usikubali Geti Lipakwe Rangi Hujaliona Likiwa Uchi

Geti langu la kwanza lilipofika Kigamboni juu ya kirikuu, majirani walitoka kulitazama. Jeusi, linang'aa, na maua ya rangi ya dhahabu juu. Nikamwongezea fundi elfu kumi ya soda. Masika moja tu yalipopita, bawaba ya chini ikaachia, na kwenye maungio rangi ikawa inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini ya rangi kulikuwa na puti, ile ya kuzibia mashimo. Chini ya puti, vidoti viwili vya kuchomelea, mahali ambapo mshono ulitakiwa kuzunguka bomba zima. Simu ya fundi, kama unavyodhani, haipatikani.

Tangu siku hiyo nimetengenezesha grili za madirisha, mlango wa jikoni, stendi ya tenki la maji na geti la pili. Kila fundi ninamwambia sharti moja kabla hatujafika kwenye bei: rangi haigusi chuma mpaka nije nione. Wapo walionuna. Mmoja alinicheka, "Mama, kwani wewe ni injinia?" Sikumpa kazi.

Huhitaji uinjinia. Mshono mzuri umejipanga kama magamba ya samaki na umezunguka kiungo chote, hata upande wa ndani usioonekana na mgeni. Ganda jeusi linaloachwa na fimbo ya kuchomelea liwe limegongwa na kuondolewa, maana ukipaka rangi juu yake litabanduka nayo. Tazama vitundu vitundu kama vya mkate wa kumimina. Hiyo ni hewa iliyonaswa. Na usidanganywe na ulaini. Fundi akiusaga mshono kwa grinda mpaka ulingane na bomba, kazi inapendeza machoni, lakini huenda kilichobaki pale ni karatasi.

Jambo la pili ni unene wa chuma, na hapa ndipo pesa nyingi huyeyuka. Kwenye geji, yaani namba za kupimia unene, namba ikipanda unene unapungua: geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 18 ni kama 1.2. Kwa macho, bomba la mraba la 40 kwa 40 ni lile lile. Mimi huenda na fundi dukani, ninalipa mwenyewe, na risiti inaandikwa milimita. Ukipata mzani, bora zaidi: bomba hilo la mita 6 likiwa la 1.5 lina uzito wa karibu kilo 11, la 1.2 halifiki kilo 9. Kwa grili 1.2 inatosha. Kwa fremu ya geti sithubutu, hasa huku kwetu ambako upepo wa bahari unakula chuma usiku na mchana.

Kumpata fundi kwenyewe si kazi. Nenda Gerezani, Kariakoo, utawakuta wamepanga mageti barabarani, au ulizia mtaani kwako. Cheti cha VETA ni kitu kizuri, ila baadhi ya mikono mizuri niliyoiona ilifundishwa karakanani kwa mjomba. Ninachoomba ni kupelekwa kwenye geti alilofunga miaka miwili au mitatu iliyopita. Picha za kwenye simu ni za siku ya kwanza, na siku ya kwanza kila geti ni bibi harusi.

Vipimo achukue yeye, nyumbani kwako, ukiwepo. Mwambie na yale ambayo hujayafanya bado. Mimi nilisahau kumwambia fundi wa kwanza kwamba nitaweka pevingi. Zilipowekwa, geti likagoma kufunguka, tukalikata chini kama suruali ya mtoto wa shule.

Pesa ya ufundi naigawa mara tatu: kidogo akianza kukata, sehemu kubwa nikishaona kazi haijapakwa rangi, na iliyobaki geti likishafungwa na kufunguka kwa mkono mmoja. Tuandikiane, hata kwa ujumbe wa simu. Humo iwemo pia nani anachukua vipande vinavyobaki, na kama anachomelea kwako, umeme ni wa nani. Mashine ile inakunywa LUKU kama ng'ombe wa kiangazi.

Akichomelea nyumbani, watoto wapeleke kwa jirani. Mwanangu alikaa kutazama cheche mchana mzima, usiku akaamka analia kwamba macho yamejaa mchanga. Mwanga ule huunguza jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, wakati umeshasahau. Siku hizi natundika turubai.

Kuhusu grili, nitasema moja tu. Dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na grili ya kufunguka, kufuli lake likae kwa ndani na ufunguo ujulikane na wote uliko. Fundi wangu alisema wateja hawapendi kwa sababu bei inaongezeka. Moto ukishika sebuleni, utatokea wapi?

Geti la pili lilitengenezwa na mzee mmoja mkimya. Nilipofika kulikagua, alikuwa amelilaza juani, chuma kitupu, na kando ameweka kopo la rangi ya kuzuia kutu halijafunguliwa. Akanipa nyundo mwenyewe. "Gonga unapotaka, mwanangu." Niligonga kila kiungo. Vipande vilivyobaki akavichomelea vikawa kigoda cha kuwekea ndoo za maji, na hakuongeza bei.