Futa hiyo safu ya fidia kabla hujaanza

Futa hiyo safu ya mwisho kwenye ratiba yako. Ifute leo, kabla ya hiyo Jumatatu unayosema ndiyo utaanza.

Umesema umeokoka karibuni na unataka kukua. Umeuliza uanze kusoma Biblia kitabu gani, ufunge siku ngapi, umpateje mwenzako wa kuomba naye, na kama ratiba uliyotuwekea inatosha: kuamka saa tisa usiku, sura kumi kwa siku, kufunga Jumatano na Ijumaa, na pembeni safu ya "fidia". Usipoamka, unaongeza siku ya kufunga. Ukikasirika, unaongeza saa ya maombi. Waliotangulia kujibu wamekupongeza. Mimi siwezi. Ratiba hiyo niliishi nayo, na ndiyo iliyonitoa kwenye maombi kabisa.

Mwanzoni inanoga. Unaamka, unaweka alama, unajiona unapanda. Halafu inakuja wiki kama wiki zote: mtoto anaumwa, kazi imezidi, usingizi umekushinda. Usiku mmoja umepita, deni limeandikwa. Unalilipa ukiwa hoi, kwa hiyo kesho yake unakosa tena. Ile njaa ya fidia ilinifanya mkali nyumbani, na ukali nao ulikuwa na fidia yake. Deni likakua mpaka nikaona aibu kupiga magoti, maana nilijua nikifumba macho tu, kitu cha kwanza kitakuwa hesabu. Basi nikaacha kuomba peke yangu. Maombi ya kikundi niliendelea kuyaongoza, kwa sauti kubwa na maneno yaliyopangika, na aliyenisikia angesema huyu amekomaa. Meza ya Bwana nilikuwa naikwepa, natafuta sababu ya kubaki nje, kwa kuwa nilikuwa "sijamaliza kutengeneza". Hali hiyo ilidumu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, na aliyeumia zaidi si mimi, ni waliokuwa wakiishi na mimi.

Mke wangu ndiye aliyeniuliza, tukiwa wawili tu: "Katika haya yote unayoyafanya, Yesu anafanya kazi gani?" Sikuwa na jibu. Sikuwa na hata jibu la uongo.

Aliyenifundisha hayo alikuwa mwalimu wa Neno tuliyemheshimu sana, na hasira juu ya mafundisho yake bado ninayo. Alituambia neema ni ya kuingilia tu, kukua ni jasho lako, na anayeanguka ni kwa sababu hajalipa gharama. Tulipochoka alituongezea siku za kufunga. Tulipolia alisema ni pepo la uvivu. Hakuwahi kutusomea Wagalatia 3, ambapo Paulo anawauliza watu waliofanya hivi hivi: mlianza kwa Roho, iweje mnataka kumalizia kwa mwili? Wala hakutufikisha mwisho wa Wakolosai 2, panaposema kwamba amri za usishike, usionje, usiguse zina sura ya hekima lakini haziwezi kuzizuia tamaa za mwili. Sura hizo zilikuwamo kwenye Biblia aliyoishika mkononi! Kuwaficha waumini wachanga maneno hayo, kisha kuwalaumu kwa kuchoka, ni kuwaonea.

Kuna aliyekutajia John Wesley, mhubiri wa Uingereza wa karne ya 18, hapo juu kama mfano wa nidhamu. Ni mfano mzuri, ila amalizie habari yenyewe. Akiwa Oxford, Wesley na wenzake walifunga Jumatano na Ijumaa, wakatembelea wafungwa, wakazipangilia saa zao hadi watu wakawabandika jina la Wamethodisti kwa kuwacheka. Mwaka 1735 alivuka bahari kwenda Georgia kuhubiri, akarudi Uingereza mwaka 1738 akiwa na mashaka kama yeye mwenyewe ana imani. Tarehe 24 Mei mwaka huo, kwenye mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, London, akisikiliza utangulizi wa Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa Ujerumani, kwa Waraka kwa Warumi ukisomwa, ndipo alipoona moyoni kwamba anamtegemea Kristo, na Kristo peke yake. Baada ya hapo hakuacha kuamka alfajiri, na alihubiri kwa zaidi ya miaka 50. Kuamka kulibaki, ila hakukuwa tena kwa kutafuta kukubaliwa.

Kwa hiyo mimi nina kanuni moja tu: ukianguka, mwendee Kristo hapo hapo, kabla hujajirekebisha. Petro alipoanza kuzama hakusubiri atoke majini ajikaushe; alilia "Bwana, niokoe" maji yakiwa yanampanda, na Yesu akanyosha mkono mara moja. Soma 1 Yohana 1:9 uone kama kuna faini. Kuna kuungama, kuna kusamehewa, kuna kusafishwa, na anayesafisha ni yeye.

Na si kwenye dhambi tu. Umepokea ujumbe wa kazini uliokuchemsha damu? Usisubiri saa tisa usiku. Mwambie pale pale, "Bwana, nimeshakasirika, nishike mdomo." Umeamka huna hamu ya kuomba? Mwambie huna hamu. Yohana 15:5 inasema pasipo yeye hatuwezi kufanya neno lo lote, na kuomba kwenyewe kumo humo ndani.

Najua kuna watakaosema nafundisha uzembe. Mimi bado nafunga na bado naamka usiku, na sasa naamka kwa furaha. Wafilipi 2:12 inatuambia tuutimize wokovu wetu kwa kuogopa na kutetemeka, na mstari unaofuata unasema ni Mungu atendaye kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu. Yule mwalimu wetu alikuwa anaishia mstari wa 12.

Sasa Jumatatu ukipitiwa na usingizi, ukaamka jua limeshatoka, usishike kalamu. Kaa hapo hapo kitandani, mwambie Yesu umelala na unamhitaji kwa siku ya leo, kisha vaa uende kazini ukiendelea kuongea naye njiani. Chakula cha mchana kula. Jioni rudi hapa utuambie ilikuwaje.