Italia na watoto wakubwa: usiku 10, miji mitatu

Orodha ya kwanza ya familia nyingi huwa na miji sita: Milan, Venice, Florence, Pisa, Roma na Naples, na mtu mmoja nyumbani lazima ataongeza kisiwa cha Capri. Kwa usiku 10 orodha hiyo haibebeki. Kila mnapohama mji mnapoteza nusu siku: kufunga mabegi, kurudisha chumba asubuhi, kusubiri treni, kusafiri, kisha kukaa na mizigo mpaka chumba kipya kifunguliwe, mara nyingi saa nane au saa tisa mchana. Mkihama mara tano mmetupa siku mbili na nusu, na kijana wa miaka 15 aliyeamshwa alfajiri mara tano hatakuwa na hamu ya kutazama mchoro wowote, hata uwe wa nani.

Laleni miji mitatu tu: Venice usiku 3, Florence usiku 3, Roma usiku 4. Pisa, Lucca na Pompeii, mji wa kale uliofukiwa na volkano, ni safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, mabegi yakiwa yamebaki chumbani. Milan iachieni safari nyingine, isipokuwa ndege yenu inatua huko.

Tiketi ya ndege iwe ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Mnapotafuta bei, chagueni safari ya miji mingi badala ya kwenda na kurudi. Emirates, Qatar Airways na Turkish Airlines zote zinatua Venice na Roma. Ethiopian inatua Roma na Milan, na kutoka Milan hadi Venice ni kama saa mbili na nusu kwa treni. Tofauti ya nauli mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya familia nzima kurudi kaskazini kwa treni ili kupanda ndege. Uzuri mwingine kwa wanaotoka Afrika Mashariki ni kwamba saa hazipishani sana: Italia iko nyuma yetu kwa saa moja majira yao ya joto na saa mbili majira ya baridi, kwa hiyo siku ya pili watoto wako tayari kutembea.

Viza ndiyo inayopanga ratiba ya kila kitu kingine. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Msingoje huko mwishoni, kwa sababu nafasi za miadi hujaa kabla ya likizo za Juni, Agosti na Desemba. Wazazi wengi hawajui kwamba kwenye viza mtoto wa miaka 12 anahesabiwa kama mtu mzima: tangu Juni 2024 analipa euro 90 sawa na baba yake, na lazima afike mwenyewe kuweka alama za vidole, isipokuwa aliziweka ndani ya miezi 59 iliyopita. Kwa hiyo miadi ipangwe kwa kuangalia kalenda ya shule. Bima ya safari ifike angalau euro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto, barua ya ridhaa ya mwenzake iwepo, na vyeti vya kuzaliwa viandamane nayo.

Hadi viza itoke, kateni vyumba vya kughairi bila malipo peke yake. Tiketi za treni za bei ya chini hazirudishwi pesa, na nyingi za makumbusho huandikwa jina la mgeni. Kama mnapitia Frankfurt au Amsterdam, ukaguzi wa pasipoti unafanyika huko na si Italia. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandikisha wasafiri kwa kompyuta na kupiga picha za uso badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo acheni angalau saa tatu kati ya ndege mbili.

Treni za mwendokasi ni za kampuni mbili, Trenitalia na Italo. Venice hadi Florence ni saa mbili na dakika chache, Florence hadi Roma ni saa moja na nusu hivi. Bei hupanda kadiri siku zinavyokaribia, na treni ileile inaweza kufika zaidi ya mara mbili ya bei ya mwanzo. Trenitalia wana ofa ya familia ambayo mtoto chini ya miaka 15 hasafiri kwa malipo, lakini someni vizuri: wengine wote mnalipa bei kamili. Mara nyingi kuwakatia wote, mtoto naye, tiketi ya bei ya chini ya mapema ni nafuu zaidi, kwa hiyo pigeni hesabu zote mbili kabla ya kulipa.

Kwenye tiketi angalieni jina la kituo. Venezia ni Venice kwa Kiitaliano: Venezia Mestre iko bara, Venezia Santa Lucia ndiyo inayowashusha kwenye mfereji. Saa zimeandikwa kwa mtindo wa 24, kwa hiyo 14:30 ni saa nane na nusu mchana, na mkubwa wa watoto apewe kazi ya kuzitafsiri kwa wote. Treni za mkoa, zile za kwenda Pisa au Lucca, zina kanuni yake: tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye kimashine cha kituoni kabla ya kupanda, na ile ya simu lazima ithibitishwe kwa kubofya. Mkaguzi akikuta hamjafanya hivyo, ni faini hata kama mmelipa nauli.

Msikodi gari kwa safari hii. Katikati ya Florence, Roma na miji mingi ya kale kuna maeneo yaliyofungwa kwa magari ya wageni, kamera zinasoma namba, na faini hufuata kupitia kampuni ya kukodi miezi kadhaa baada ya kurudi.

Venice inataka uamuzi mmoja mkubwa: mlale kisiwani au Mestre. Mestre ni rahisi kwa bei na treni ni dakika 10, lakini mnakosa asubuhi na usiku, saa ambazo watalii wa siku moja hawapo na mji unapumua. Laleni kisiwani, karibu na kituo cha boti, na kabla ya kulipia chumba hesabuni madaraja kati ya kituo na mlango, kwa sababu kila daraja lina ngazi na kila begi litabebwa kwa mkono. Vijana wa chini ya miaka 30 wanaweza kupata kadi ya Rolling Venice inayopunguza bei ya tiketi ya boti ya siku tatu. Gondola, mtumbwi wa kutembeza watalii, bei yake imewekwa na mji: euro 90 kwa nusu saa mchana, 110 kuanzia saa moja usiku, kwa chombo kizima chenye watu hadi watano, si kwa kichwa. Na hapa ndipo pa kuwapa watoto uhuru. Hakuna gari wala pikipiki, hivyo waacheni wazunguke wenyewe saa mbili, wakiwa na chaji, intaneti na mahali pa kukutania. Kwa kijana, saa hizo mbili zina thamani kuliko makanisa matatu.

Kanuni inayookoa siku zote 10 ni hii: jambo moja kubwa lenye tiketi kwa siku, tena asubuhi. Mchana ni chakula, kupumzika, kutembea bila ratiba. Makumbusho ya serikali ni bure kwa walio chini ya miaka 18 wa nchi yoyote, lakini tiketi yao ya bure lazima ihifadhiwe pamoja na zenu. Wazazi husahau hilo, wakafika Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, wakiwa na tiketi mbili na watoto watatu wasioweza kuingia. Tiketi za Colosseum hufunguliwa siku 30 kabla na zina majina, kwa hiyo pasipoti ziwe mkononi. Makumbusho ya Florence ya Uffizi na Accademia, ambako sanamu ya David ya Michelangelo imesimama, hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, na huko watoto hulipa bei iliyopunguzwa badala ya kuingia bure kwa sababu si mali ya serikali ya Italia. Kanisani mabega na magoti yafunikwe, wavulana nao. Kuba la kanisa kuu la Florence lina ngazi 463 bila lifti na njia ni nyembamba. Kijana mwenye nguvu atalifurahia kuliko ukumbi wowote wa picha, mwenye hofu ya sehemu finyu abaki chini. Lucca, saa moja na dakika 20 hivi kwa treni kutoka Florence, kodini baiskeli mzunguke juu ya ukuta wa mji, kama kilomita 4.

Pompeii kutoka Roma yawezekana kwa siku moja mkiondoka mapema. Treni ya mwendokasi hadi Naples ni saa moja na dakika 10 hivi, kisha mshuke ngazi mpaka treni ya Circumvesuviana inayokwenda Sorrento. Shukeni Pompei Scavi – Villa dei Misteri. Kuna vituo vingine vyenye jina la Pompei na viko upande mwingine wa mji. Treni hiyo hujaa na vibaka wanaipenda, kwa hiyo simu zisikae mfuko wa nyuma. Ndani kivuli ni kidogo, na Julai na Agosti joto linaweza kupita nyuzi 35. Kofia, viatu vilivyofungwa, chupa ya maji kwa kila mmoja.

Kama kuna mpenzi wa mpira, ligi huanza karibu na mwisho wa Agosti na kuisha Mei. Safari ya Juni au Julai haina mechi, na tiketi za uwanjani nazo zina majina.

Kwa wasiokula nguruwe, tambi mbili maarufu za Roma, carbonara na amatriciana, zinapikwa kwa shavu la nguruwe hata menyu isipoandika. Muulize mhudumu neno moja, "maiale?" (nguruwe?), na umngoje ajibu. Pizza marinara haina nyama wala jibini. Jioni jiko la mgahawa wa kawaida halifunguliwi kabla ya saa moja au saa moja na nusu usiku, hivyo vijana wapewe kitu saa kumi na moja. Maji Roma ni bure na salama kwenye mabomba ya barabarani yasiyofungwa. Kwa sala ya Ijumaa, Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa 1995, uko kaskazini mwa mji, mbali na hoteli za katikati, kwa hiyo siku hiyo asubuhi isiwekewe tiketi ya mahali popote.