Mawe ya Mwezi yana umri tofauti: ganda lake liliundwa lini?

SWALI: Nimesoma kwamba mawe ya Apollo yana zaidi ya miaka bilioni 4, lakini ya Chang'e-5, chombo cha China, yana bilioni 2 tu. Kuna anayesema huo ni ushahidi kuwa wanasayansi wanakisia. Ganda la Mwezi liliundwa lini hasa?

JIBU: Aliyekuambia hivyo amechanganya mawe ya aina mbili, na kosa hili nakutana nalo kila mara. Mawe ya Chang'e-5, yaliyoletwa mwaka 2020, ni basalti, yaani lava iliyomwagika juu ya ganda ambalo tayari lilikuwepo. Umri wake unaeleza volkano ililipuka lini, basi.

Ganda lenyewe liko kwenye nyanda za juu, zile sehemu nyeupe unazoziona kwa macho. Huko jiwe kuu ni anothosaiti, iliyojaa madini ya plajioklesi. Vipande vyake vidogo vilikutwa kwenye udongo wa Apollo 11, na mwaka 1970 John Wood na wenzake wakajenga hoja kwamba Mwezi ulipokuwa bado mpya ulifunikwa na bahari ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Madini mazito kama olivini yalizama, plajioklesi ikaelea, ikajikusanya na kuwa ganda. Ushahidi unaonishawishi zaidi ni yuropiamu: elementi hii huingia kwa wingi kwenye plajioklesi, na kweli nyanda za juu zina ziada yake huku basalti zilizotoka chini zikiwa na upungufu. Kilichopungua chini kimekutwa juu. Huko si kukisia.

Sasa umri. Jiwe namba 15415 la Apollo 15, likipimwa kwa argoni, linatoa takriban miaka bilioni 4.1, na wengi hunakili tarakimu hiyo kana kwamba ndiyo siku ganda lilipozaliwa. Argoni ni gesi, inayojikusanya polepole ndani ya jiwe potasiamu inapooza! Kimondo kikigonga na kulichoma jiwe, gesi hutoroka na hesabu huanza upya, na mawe ya nyanda za juu yamegongwa mno. Kipimo cha elementi za samari na neodimi hustahimili zaidi, na cha zirkoni, madini magumu yenye urani, zaidi tena. Njia hizo hutupeleka kati ya bilioni 4.36 na 4.46, na ndani ya pengo hilo mabishano ya kweli yanaendelea.

Kwa hiyo anayekutajia umri bila kutaja madini na njia ya kupima, usimsikilize. Hali kadhalika wauzaji wa "mawe ya Mwezi" wanaothibitisha kwa sumaku na rangi. Anothosaiti ipo hata Duniani, na isotopi (aina za atomi zenye uzito tofauti) za oksijeni za Mwezi karibu zinalingana na zetu. Kinachotenganisha ni vipimo kama uwiano wa chuma na manganizi ndani ya madini, na hivyo hufanyika maabara, si kwa picha ya simu.